Mwandishi wa habari haombi mwelekeo kwa kiongozi

Wasikilizaji wetu, na ninyi ndugu mlio kambini, kuna jambo linanikera, na nitalisema wazi.

Katika mkutano mmoja wa kiongozi na waandishi wa habari hapa Kivu, mwenzetu alisimama, akashika mikrofoni, akamwomba mheshimiwa atupatie mwelekeo: wakati huu wa vita, tutangaze vipi mapatano na Rwanda? Tuseme nini, tunyamazie nini? Mheshimiwa alifurahi sana. Alitupatia mwelekeo dakika nzima ishirini. Swali hakuulizwa hata moja.

Hofu ninaielewa. Mwezi wa kwanza 2025, Constant Mutamba, waziri wa sheria wakati ule, alitishia kwa adhabu ya kifo yeyote atakayetangaza shughuli za jeshi la Rwanda na M23, waandishi wa habari pia. Mwezi uleule Al Jazeera ilifungiwa siku 90 sababu ya kuhojiana na mkuu wa M23. Na kule M23 wanakotawala, nani anathubutu kuwasema? Basi, mtu akinyamaza kwa kuogopa, simlaumu. Lakini kwenda mwenyewe kuomba kamba ya kufungwa mdomo?

Tena mwelekeo wenyewe haudumu. Kwa muda mrefu Kinshasa ilisema haiketi meza moja na M23, na aliyeuliza habari za mazungumzo alitazamwa kama adui. Tarehe 19 mwezi wa saba 2025, wajumbe wa serikali na wa AFC/M23 wakatia sahihi tamko la kanuni pale Doha. Waliokuwa wakifuata mwelekeo wakageuza wimbo usiku mmoja.

Halafu tukaona makubwa zaidi. Tarehe 4 mwezi wa kumi na mbili 2025, Tshisekedi na Kagame walitia sahihi huko Washington mbele ya Trump. Wiki haijaisha, M23 wakaingia Uvira, na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi. Mama wa bonde la Ruzizi, anayefungua redio ili ajue kama apande muhogo au afunge mizigo, anafanya nini na neno "historia"? Anataka kujua risasi zimefika wapi. Ukimpa hotuba ya mheshimiwa badala ya habari, umemuacha njiani na watoto.

Watasema vita vina siri. Kweli, vina. Askari walipo, njia watakayopita, silaha zao: hayo hatutangazi, na hatuhitaji mtu wa kutukumbusha. Lakini mapatano na nchi jirani si siri ya jeshi. Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata habari. Hakikuongeza kwamba kwanza mheshimiwa akubali.

Kwa hiyo mikrofoni ikifika mkononi mwako, ndugu yangu, muulize. Askari wa Rwanda wanaondoka lini, na nani anawahesabu? Madini yetu yameandikwa vipi ndani ya karatasi za Washington? Na wale walioambiwa mwezi wa pili 2025 waondoke kambi za Bulengo na Lushagala kwa saa 72, leo wanalala wapi, na mashamba yao nani anayalima? Akikataa kujibu, tangaza kwamba amekataa.