Mwaka wa Daraja au Mwaka wa Chekecheke?

Mnamo mwaka wa 2010, jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria iliyobadilisha umri wa kuingia chekechea. Awali, mtoto aliyetimiza miaka mitano kufikia tarehe 2 Desemba alipokewa. Sheria mpya ikairudisha tarehe hiyo, kwa awamu, hadi 1 Septemba. Waliozaliwa kati ya tarehe hizo mbili wakawa hawana pa kwenda, na ndio walioundiwa mwaka wa mpito, ulioanza mwaka wa 2012 ndani ya shule za umma, pasipo karo. Mwaka wa 2021 jimbo hilo likaamua kuufungua mlango huo hatua kwa hatua, hadi kila mtoto wa miaka minne awe na nafasi kufikia mwaka wa masomo wa 2025–2026.

Kinachostahili kutazamwa hapa si ukwasi wa California, bali kigezo cha kuingilia. Mtoto haulizwi anajua nini. Mzazi huulizwa mtoto alizaliwa lini. Mwaka wenyewe si wa lazima, lakini anayeletwa ana haki ya kupokewa. Wastani wa darasa katika kila shule hauruhusiwi kupita watoto 24. Kwa maneno mengine, shule ndiyo inayotakiwa kuwa tayari.

Nchini Kenya mambo yamekwenda mrama kidogo, na huenda neno lenyewe linatusuta. Bila ya kudai kwamba hiyo ndiyo asili yake, sikio la Mswahili halikosi kusikia ndani ya “chekechea” kitenzi chekecha: kutenga unga na chenga. Na ndivyo ilivyo. Elimu ya msingi ilipofanywa bila malipo mwaka wa 2003, chekechea iliachwa nje. Mzazi maskini akabaki na hesabu rahisi: kulipia chekechea, au kumweka mtoto nyumbani akisubiri darasa la kwanza lisilo na karo. Katiba ya 2010 ikaikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti. Tangu hapo bahati ya mtoto hutegemea upande wa mpaka aliozaliwa.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza mtihani wa kumpokea mtoto katika shule ya umma, isipokuwa ule wa kumpangia darasa limfaalo. Katika “isipokuwa” hiyo ndimo chekecheke ilimojificha. Mtoto huitwa, huonyeshwa picha, huulizwa rangi, siku za wiki na jina la mnyama yule mwenye shingo ndefu. Aghalabu huulizwa kwa Kiingereza. Anayejibu “twiga” hutazamwa kana kwamba hakujibu.

Hapa ndipo suala linapowagusa wapenzi wa Kiswahili moja kwa moja. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976, sera imesisitiza kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo la shule. Mijini, lugha hiyo kwa kawaida ni Kiswahili. Sera ipo, ila mlangoni huulizwa jambo jingine. Mtoto awezaye kutega na kutegua vitendawili, na kusimulia hila za sungura bila kupoteza uzi, huambiwa hajakomaa.

Wapo watakaosema kwamba wazazi wenyewe ndio wanaokitaka Kiingereza. Ni kweli, na si haki kuwabeza: wanajua mitihani ya mbele itaandikwa kwa lugha gani. Hata California haikuwa salama. Mwaka wa 1998 wapigakura wake waliidhinisha sheria iliyobana ufundishaji kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza, ingawa Kihispania ni lugha ya nyumbani ya mamilioni ya watu huko. Ikawachukua hadi 2016 kuibatilisha. Jirani zetu Tanzania, kupitia sera ya mwaka wa 2014, waliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na shule za umma hufundisha kwa Kiswahili. Msongamano wa watoto madarasani haujawaachia, lakini angalau mtoto haingii akiwa bubu.

Kuidai chekechea isiyo na karo katika kila kaunti ni haki, ila hakutoshi ikiwa mlango utaachiwa mwenye ungo. Idara na vyama vya Kiswahili vyuoni havikosi wajuzi wa fasihi ya watoto, isimu na ualimu. Nao wanaweza kuanza na kazi ndogo: kuyaomba katika shule jirani maswali wanayoulizwa watoto wa miaka mitano, kuyasoma moja baada ya jingine, na kuiandikia kaunti ni mangapi kati yake yanapima akili ya mtoto, na ni mangapi yanapima mfuko wa baba yake.