Bahati Nasibu ya Kikundi si Ushirika

Si ajabu siku hizi kuwakuta wafanyakazi wa ofisi moja, au vijana wa mtaa mmoja, wakichanga fedha ili wanunue tikiti za bahati nasibu kwa pamoja. Watetezi wao husema kwamba huo ni ushirika: kila mmoja hutoa kidogo, nafasi ya kushinda huongezeka, na neema ikija huwafikia wote. Wala hawakosi mfano. Mwezi Desemba 2011, karibu kaya zote za kijiji cha Sodeto, nchini Hispania, zilipata fungu la zawadi kuu ya bahati nasibu ya Krismasi, kwani zilikuwa zimenunua sehemu za tikiti kwa chama cha akina mama wa kijiji.

Hatuikatai furaha ya wanakijiji wale. Tunachokikataa ni kuiita bahati ushirika. Katika mchezo wa kuchagua namba 6 kati ya 49, iko michanganyo 13,983,816, na mmoja tu ndio ushindao. Watu 20 wakinunua tikiti 20 zisizofanana, nafasi yao huongezeka mara 20. Lakini zawadi nayo hugawanywa mafungu 20. Faida iko wapi?

Tulinganishe na upatu wa zamu tuliorithi kwa mama zetu. Watu 20 wakitoa shilingi 10,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao hupokea 200,000. Baada ya miezi 20 hakuna aliyepunjwa hata senti. Bahati nasibu haiwezi hayo: hata ile ya Krismasi ya Hispania hurudisha asilimia 70 tu ya mauzo kuwa zawadi.

Tena liko dhara jingine. Achezaye peke yake aweza kuacha apendapo. Katika kikundi, atakaye kujitoa huogopa kwamba wenzake watashinda juma lifuatalo. Basi huendelea kuchanga kwa hofu, si kwa hiari. Na tikiti ikishinda, yumo mkononi mwake mtu mmoja. Pasipo maandishi, udugu hugeuka kesi.

Umoja ni nguvu, walisema wahenga. Hawakusema tuuweke rehani kwa bahati. Walimu na waifundishe hesabu hii madarasani. Kikundi kiwezacho kuchangia tikiti kila juma chaweza pia kuchangia mbegu, vitabu au cherehani. Mchango ni ule ule. Mavuno ndiyo mbalimbali.