Mtahiniwa naye ana haki ya kulala

Tumezoea katika ukurasa huu kukumbushana juu ya malaria, kipindupindu na usafi wa vyoo. Leo tuzungumzie maradhi yasiyoonekana kwa kupima damu, nayo ni hofu ya matokeo inayowapata vijana wetu wa kidato cha sita wanaotaka nafasi ya chuo kikuu.

Dalili zake ni zile zile kila mwaka. Matokeo ya moko yakitoka na alama zikashuka, kijana huanza kukesha. Hunywa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, hulala saa nane usiku, na Alfajiri huamshwa kwa kuvutwa shuka. Baada ya wiki chache kichwa kinamgonga, tumbo linasokota, chakula hakipiti na moyo unakwenda mbio. Siku akianguka darasani, baadhi yetu tunaharakisha kusema ana jini au jirani kamfanyia husuda.

Ruqya ni Sunna na hatuipingi. Lakini kabla ya kumtafuta mchawi, muulize mwanao maswali mawili: jana umelala saa ngapi, na leo umekula nini? Wataalamu wanasema kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na aliyevuka umri huo asipungukiwe na saa 7. Ni katika usingizi ndipo ubongo unapoyapanga na kuyahifadhi yaliyosomwa mchana. Anayesoma bila kulala anateka maji kwa pakacha.

Dini yetu ilitufundisha hayo mapema. Mtume (SAW) alichukia mazungumzo yasiyo na haja baada ya Isha. Na Abdullah bin Amr (RA), aliyekuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha kwa ibada, alikumbushwa kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa ibada imewekewa mpaka, seuze madaftari ya kemia?

Sasa tujihukumu sisi wazazi. Nani anayewatia watoto hofu hii? Ni sisi tunaosema, "Mtoto wa fulani kapata divisheni wani, wewe usije ukatuaibisha." Wengi wetu hata utaratibu hatuujui. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni kufaulu masomo mawili ya tahasusi kwa jumla ya pointi 4, ambapo A ni pointi 5 na E ni 1. Kweli, udaktari unataka fizikia, kemia na biolojia, na wanaogombea nafasi ni wengi. Lakini maombi hufunguliwa kwa awamu, kozi ni nyingi, na anayeanzia stashahada akifaulu vizuri naye huingia chuo kikuu. Mlango mmoja ukifungwa, nyumba haijafungwa.

Kwa hiyo tufanye haya. Taa izimwe saa nne usiku na simu ibaki chumbani kwa mzazi. Kijana aamke saa kumi na moja, aswali, kisha asome kichwa kikiwa chepesi. Mchana apate qailula fupi. Kahawa isinywewe baada ya Alasiri. Binti mtahiniwa apunguziwe vyombo na kuchota maji, kama tunavyomfanyia kaka yake.

Na akisema maisha hayana maana, au akapitisha siku kadhaa bila kula wala kulala, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na usimwache peke yake. Usimwambie hana imani. Ngamia hufungwa kwanza, kisha ndiyo tawakkul.

Cheti kikipotea kuna kurudia mtihani. Mtoto akipotea hakuna marudio. Allah awape vijana wetu faulu na afya. Wabillahi tawfiq.