Ndoa ya Mbali Baada ya Talaka

Wahenga walinena kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini siku hizi, katika mitaa ya Kariakoo, Gerezani na Ilala, wako akina mama na akina baba walioachana na wenzi wao, ambao wamepata faraja mpya kutoka mbali: Muscat, Dubai, London au Guangzhou. Wengine walikutana katika biashara, wengine waliunganishwa na jamaa, na wengine wamejuana kwa simu tu. Jambo hili si la kuchekwa vibarazani. Aliyeachika si chungu kilichovunjika. Naye ana haki ya kupenda na kupendwa tena.

Hata hivyo, yafaa kila mmoja akumbuke jambo moja: mlango wa kwanza hauna budi kufungwa barabara kabla ya kufunguliwa wa pili.

Tumchukue kwa mfano mama auzaye vitenge Mtaa wa Kongo. Mumewe alimwandikia karatasi ya talaka, wakatengana. Sasa amepata mchumba aliye Muscat. Majirani wote wanajua kuwa ameachika, naye mwenyewe anaamini hivyo. Lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haisemi hivyo. Kwa sheria hiyo, shauri hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, kisha mahakama ndiyo itoayo amri ya talaka. Karatasi iliyoandikwa nyumbani peke yake haitoshi. Bila ya amri ile, mama huyu angali mke wa mtu, na sheria inamkataza kuolewa na mwingine. Atakapotakiwa kuthibitisha ubalozini kuwa ameachika, ataonyesha nini?

Tena mahakamani ndiko ziliko haki zake. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Ni vibaya kukimbilia mapenzi mapya na kuacha nyuma jasho la miaka.

Watoto nao wasisahauliwe. Sheria huchukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka 7 yafaa akae na mama yake, ila ikithibitika vinginevyo. Lakini mahakama yaweza kumzuia mlezi asimtoe mtoto nje ya nchi. Mchumba wa mbali aulizwe mapema: je, nikija na watoto utawapokea? Na nisiporuhusiwa kuja nao, utakubali kuhamia huku?

Nchi nazo zina masharti yake. Kwa miaka mingi raia wa Oman alihitaji kibali cha serikali yake ili aoane na mgeni asiye wa nchi za Ghuba. Amri ya Sultani ya mwaka 2023 iliondoa sharti hilo. Uingereza, kwa upande wake, mwezi Aprili 2024 ilipandisha kipato anachotakiwa kuwa nacho mtu amwitaye mwenzi wake kutoka ng'ambo, toka paundi 18,600 hadi 29,000 kwa mwaka. Naye mgeni atakayehamia huku asidhani atafungua duka Kariakoo: agizo la Serikali la Julai 2025 liliwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za jumla na rejareja. Basi mtakula nini, na mtaishi wapi? Maswali haya hayaui mapenzi. Mapenzi yasiyoweza kuyastahimili hayatastahimili umbali.

Ndugu msomaji, anayekupenda kwa kweli hataona uzito kuja kujitambulisha kwa wazee wako, kukuonyesha hati zake za talaka kama naye aliachana, wala kungoja wewe ukamilishe zako. Akuhimizaye uache kila kitu upande ndege upesi, huyo mtazame mara mbili. Sheria yetu yenyewe hutaka msajili apewe taarifa siku 21 kabla ya ndoa. Ikiwa sheria inaona vema kungoja, moyo uliokwisha kujeruhiwa mara moja una haraka gani?