Mwendo wa Mwanafunzi Kwanza, Raba Baadaye

Kila msimu wa riadha za shule unapowadia, mabishano yale yale huzuka Kabazi na katika vijiji vinginevyo vya Subukia. Mwanafunzi aliyechaguliwa kukimbia mita 5,000 huanza kulalamikia goti. Hutazamwa mguu, huambiwa kwamba ana unyayo bapa, na mzazi huagizwa amtafutie raba za kuurekebisha. Raba mpya za aina hiyo huuzwa kwa maelfu ya shilingi. Mzazi asiye na uwezo hunyamaza, na mtoto huachwa nje ya timu. Hukumu hii hutolewa kwa wepesi mno, na yafaa walimu wafahamu kwamba msingi wake ni dhaifu.

Kwa miaka mingi wakimbiaji wameaminishwa kwamba umbo la unyayo ndilo liamualo kiatu: unyayo bapa upewe kiatu kigumu cha kuuzuia usilalie ndani, na wenye tao kubwa upewe kiatu laini. Jeshi la Marekani liliijaribu nadharia hiyo. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009, baadhi ya makurutu walipewa viatu kulingana na umbo la nyayo zao, na wengine wakapewa aina moja tu bila kujali umbo. Idadi ya walioumia katika makundi hayo mawili haikuhitilafiana kwa kiasi cha maana. Jaribio likarudiwa katika jeshi la anga na la wanamaji, jawabu likawa lile lile. Mwaka 2015 Benno Nigg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walipendekeza kigezo kilicho rahisi zaidi: kiatu kinachomstarehesha mkimbiaji anapokimbia ndicho kinachoelekea kumfaa. Nasema kinachoelekea, kwa maana hili nalo ni pendekezo, wala si sheria.

Wako wanaoshikilia kwamba dawa ni kwenda peku kama babu zetu. Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha mwaka 2010 kwamba vijana wa Bonde la Ufa waliokua bila viatu hutanguliza sehemu ya mbele ya unyayo wanapokimbia. Lakini mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, nao pia wamezoea kwenda peku, wakaona kwamba wengi wao hutanguliza kisigino katika mwendo wao wa kawaida. Basi hata huo mwendo wa asili si mmoja.

Aidha, mwili wa binadamu haukuchorwa kwa rula. Haile Gebrselassie wa Ethiopia, bingwa wa Olimpiki wa mita 10,000 mwaka 1996 na 2000, alikimbia mkono wa kushoto ukiwa umekunjwa kama aliyebana vitabu, mazoea aliyoyapata akikimbilia shuleni utotoni. Usain Bolt ana uti wa mgongo uliopinda, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern Methodist, Marekani, walieleza mwaka 2017 kwamba mguu wake wa kulia ulikanyaga kwa nguvu kuliko wa kushoto. Lau angalisomea kwetu, huenda angalipewa jina la utani na kuwekwa miongoni mwa washangiliaji.

Majina hayo ya utani yananigusa kwa kuwa kazi yangu ni lugha. Kiswahili kina msamiati tajiri wa mwendo, ila shuleni twautumia kuchekea ilhali ungalitufaa katika kuchunguza. Mwenye matege ni yule ambaye miguu yake imepinda, magoti yakaachana. Aendaye chopi huinamia upande mmoja. Anayechechemea huuonea mguu wake huruma. Mwanafunzi mwenye matege asiyeumwa popote hana haja ya kiatu cha ajabu. Yule aliyekimbia sawasawa mwezi uliopita na leo anachechemea ndiye wa kushughulikiwa, hata kama nyayo zake ni nzuri kama za kuchorwa.

Maabara yenye kamera na mashine ya kukimbilia haipatikani kila mahali, lakini mwalimu ana macho na masikio. Amtake mwanafunzi akimbie peku, kisha akiwa na raba, kwenye uwanja ulio tambarare. Kando ya barabara au kwenye mteremko hapafai, kwani ardhi iliyolala upande humfanya kila mtu aonekane ana mguu mmoja mfupi. Amtazame kwa nyuma: je, nyonga moja hushuka? Goti hulalia ndani? Asikilize pia, sikio lililozoea mizani ya shairi litautambua upesi mguu unaokanyaga kwa kishindo kuliko mwenzake. Kisha amsimamishe kwa mguu mmoja, goti likiwa limekunjwa kidogo, halafu kwa mguu wa pili. Upande unaoyumba aghalabu ni dhaifu tu, na zoezi la kusimama hivyo na la kuinua visigino, likifanywa kwa wiki kadhaa, huuimarisha bila gharama.

Raba nyingi tununuazo ni za mitumba, na kiatu cha mtumba huja na mwendo wa mwenyewe wa kwanza. Viwekwe mezani vitazamwe kwa nyuma. Kilicholalia upande, au ambacho soli yake imelika upande mmoja zaidi, kiachwe, hata kama jina lililoandikwa ubavuni ni kubwa. Tena mtoto akijaribu akiwa anakimbia, si akiwa amesimama kibandani.

Limebaki jambo moja ambalo kiatu hakiliwezi. Kijana anayechechemea kwa siku kadhaa, au anayeamshwa usiku na maumivu, au aliyevimba kiungo, asiambiwe ajikaze. Apelekwe zahanati, na ikibidi hospitali kuu ya Nakuru, akachunguzwe goti na nyonga pia. Maana ugonjwa wa nyonga kwa kijana anayekua huweza kujitokeza kama maumivu ya goti, na mwalimu anayeendelea kulikanda goti hilo humcheleweshea daktari siku zenye thamani.