Tiba ya Viungo Isiishie Mjini

Neno tiba likitajwa, wengi wetu hufikiria vidonge, sindano na kisu cha mpasuaji. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ipo tiba ambayo zana zake kuu ni mikono ya mtaalamu, kanuni za fizikia na saburi. Tiba hiyo ni fiziotherapia, nayo katika Nyanda za Juu Kusini isihesabiwe kuwa ni anasa ya mjini.

Tuchukue mfano wa nyayo za kifundo. Duniani, takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa na unyayo uliopinda kwa ndani. Daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, alibuni kati ya miaka ya 1940 na 1950 njia ya kuunyoosha pasipo upasuaji mkubwa. Msingi wake ni huu: kano za mtoto mchanga hurefuka zikivutwa kwa nguvu ndogo na kwa muda mrefu, zikilazimishwa ghafla, huumia. Kwa hiyo kila juma unyayo hugeuzwa kidogo kwa mikono, kisha hufungwa plasta ngumu, ile ambayo watu huiita "hogo". Baada ya majuma kadhaa, mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kwa jeraha dogo. Kisha mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, karibu saa zote kwa miezi mitatu, halafu wakati wa kulala tu hadi afikie umri wa miaka minne hivi.

Hapa ndipo penye ugumu. Plasta si ghali sana. Kilicho ghali ni safari. Mama wa Kilolo au Rungwe atakiwaye kufika mjini kila juma, masika na wakati wa palizi, ana haki ya kuchoka. Naye akikatiza tiba, unyayo huweza kurudi ulivyokuwa.

Taifa halikulala. Huko KCMC, Moshi, wataalamu wa fiziotherapia wamefundishwa kwa miongo mingi, na mwaka 1981 kilianzishwa hapo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Lakini Moshi ni mbali na Mbeya, na mtaalamu mmoja hawezi kuwa kila mahali.

Wako watakaosema kwamba kwanza zinunuliwe mashine. Sikubaliani nao. Mashine iliyowekwa mjini haimfupishii mama huyo safari. Heri mtaalamu wa hospitali ya mkoa awe na siku maalumu za kuzuru vituo vya afya, na wakunga wafundishwe kuzitazama nyayo za kila mtoto siku anapozaliwa.

Nanyi walimu mna sehemu yenu. Mnapofundisha nyenzo, msiishie kwenye mtaimbo na toroli. Onyesheni kiwiko, goti na kisigino. Mwanafunzi wa Iringa apendaye fizikia na biolojia ajue kwamba ipo kazi inayozihitaji zote mbili, na kwamba watoto wa kwao wanaingoja.