Kuhara Nako Ni Sayansi

Nikisema nasomea virusi, watu husogeza viti. Nikitaja virusi vya rota, vinavyoharisha watoto, wanacheka: "Shahada ya uzamili nzima ya kuhara?" Mwenzangu anayesomea kirusi cha herpesi kilichobadilishwa jeni ili kiue saratani ya ngozi, tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, haulizwi hivyo.

Simwonei wivu, kazi yake ni njema. Nakataa tu dhana kwamba kuhara ni habari ya sabuni na choo, haihitaji maabara. Rota, iliyogunduliwa Melbourne mwaka 1973, iliwaharisha hata watoto wa nchi zenye maji safi. Ndiyo maana ikatengenezwa chanjo ya matone. Kwenye majaribio, chanjo hiyo ilizuia zaidi ya asilimia 90 ya kuhara kukali Ulaya; Malawi, takriban asilimia 49. Matone yale yale. Kwa nini? Kingamwili za mama? Bakteria wa utumbo? Lishe? Jibu kamili halijapatikana.

Swali hilo ndilo langu. Anayeliona dogo hajakesha na mtoto aliyebonyea macho, analia bila machozi.